TUIJUE MIJI YETU: Kongwa, mji wa reli, karanga na ng'ombe



Mwezi huu twende Kongwa, mkoa wa Dodoma. Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Morogoro unafika Mbande. Hapo unaiacha barabara kuu na kukata mkono wa kulia. Mbele yako unaona milima ya Kiboriani. Chini ya milima ni uwanda mpana, wenye mibuyu, migunga na udongo mwekundu. Huo ndio uwanda wa Kongwa.

Mji wenyewe si mkubwa. Ni makao makuu ya wilaya. Wilaya hii ilikatwa kutoka Mpwapwa katika miaka ya 1990. Mgeni akipita haraka ataona maduka, ofisi, shule na vumbi. Atasema, "Hapa hakuna kitu." Lakini katika mji huu mdogo serikali moja kubwa ya Ulaya ilipoteza mamilioni ya fedha. Na katika mji huu huu walikaa vijana ambao baadaye walizikomboa nchi zao. Ngoja tuanze mwanzo.

WENYEJI NA MAJI

Wenyeji wa uwanda huu ni Wagogo. Kwenye vilima vya mashariki wako Wakaguru. Wagogo ni wafugaji na wakulima pamoja. Wanapanda mtama na uwele, mazao yanayovumilia jua. Mvua huku huja mara moja tu kwa mwaka, kuanzia Desemba mpaka Aprili. Mwaka mmoja inatosha. Mwaka mwingine inanyesha wiki mbili, inakatika, na mimea inakauka ikiwa imefika magotini. Kwa hiyo mzee wa Kigogo hakuweka mali yake yote shambani. Aliweka ng'ombe. Ng'ombe anaweza kutembea kufuata maji na majani. Shamba haliwezi kutembea.

Tabu ya maji ilijulikana zamani sana. Misafara ya pembe na watumwa kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita karibu na hapa. Baada ya Mpwapwa, misafara iliingia katika pori lililoitwa Marenga Mkali, maana yake maji machungu. Wapagazi walilivuka pori hilo mbio mbio, kwa sababu hapakuwa na maji ya kunywa. Mzungu Richard Burton alipita mwaka 1857 akaandika habari za pori hilo katika kitabu chake. Basi, msomaji, likumbuke jambo hilo. Habari za ukame wa nchi hii zilikuwa zimeandikwa miaka 90 kabla ya mambo nitakayokueleza.

Baadaye Wajerumani walileta reli. Walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 1,250. Reli hiyo haikupita Kongwa mjini. Ilipita kusini, katika stesheni za Gulwe na Msagali. Wakati huo Kongwa palikuwa mahali padogo tu. Palijulikana zaidi kwa misheni ya Kianglikana, iliyofungua hapo chuo cha kufundisha walimu wa dini tangu enzi za Wajerumani. Chuo hicho cha Mtakatifu Filipo kipo mpaka leo.

MRADI WA KARANGA

Sasa tufike mwaka 1946. Vita Kuu ya Pili imekwisha. Uingereza imeshinda vita, lakini watu wake wana shida ya chakula. Mafuta ya kupikia ni haba, na kila mtu anapewa kwa kipimo. Bwana mmoja wa kampuni ya United Africa Company, jina lake Frank Samuel, akatoa shauri. Alisema: Tulime karanga Afrika kwa mashine, tukamue mafuta.

Serikali ya Uingereza ikalipenda shauri hilo. Ikawatuma wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa kilimo Tanganyika. Waliizunguka nchi kwa muda mfupi, na sehemu kubwa waliitazama kutoka angani kwa ndege. Kisha wakaandika ripoti. Walisema yalimwe mashamba ya ekari zaidi ya milioni tatu. Sehemu kubwa iwe Tanganyika, na nyingine Kenya na nchi ambayo leo ni Zambia. Gharama walizikadiria kuwa pauni milioni 25. Kwa Tanganyika walichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Kwa nini Kongwa? Kwa sababu kutoka ndegeni uwanda ulionekana mtupu. Hakukuwa na vijiji vingi vya kuhamisha. Wao walidhani ni bahati njema. Ungemwuliza mchungaji yeyote wa Kigogo, angekuambia kwa nini watu hawakukaa pale.

Watu wa kwanza wa mradi walifika Kongwa mwanzoni mwa mwaka 1947. Wengi wa Wazungu waliokuja walikuwa askari waliotoka vitani. Waafrika walikuja kutafuta kazi kutoka kila upande wa nchi. Mji wa mahema ukaota porini. Baada ya mahema zikajengwa nyumba, karakana, hospitali na shule ya watoto wa Kizungu. Hapo ndipo Kongwa ilipopata reli yake. Njia ya pembeni ilijengwa kutoka Msagali mpaka Kongwa, na ikaendelea mbele mpaka Hogoro. Treni ikaanza kupiga honi mahali ambapo jana walilala fisi.

Lakini tabu zilianza kabla ya jembe kugusa udongo. Matrekta yalinunuliwa popote yalipopatikana. Mengi yalikuwa mitumba ya jeshi, mengine kutoka Ufilipino, yaliyoachwa na jeshi la Marekani. Yalikuja yakiwa yamechoka. Viwanda vya Uingereza vilijaribu hata kugeuza vifaru vya vita kuwa matrekta. Bandari ya Dar es Salaam haikuwa na gati la kina kirefu. Mizigo ilishushwa kwa matishari, kidogo kidogo. Kutoka hapo kulikuwa na reli moja tu, ile ya Wajerumani. Kisha mto Kinyasungwe ukafurika, maji yakaisomba reli, na mizigo ikakwama njiani.

Msitu nao ulipigana. Vichaka vya Kongwa vinasukana kama mkeka, na mizizi yake ni migumu kama kamba za chuma. Matingatinga yalivunjika. Wakabuni njia nyingine: mnyororo mzito kama wa nanga ya meli ulifungwa kati ya matrekta mawili, yakatembea sambamba, mnyororo ukilaza miti. Njia hiyo ilisaidia. Lakini mbuyu haulazwi kwa mnyororo. Tena ndani ya mibuyu mlikuwa na nyuki, na nyuki hawajui nani ni bwana mkubwa.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa karanga zilikuwa kiasi cha ekari 7,500.

UDONGO

Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Wewe msomaji unayelima karanga utanielewa upesi kuliko mabwana wale.

Karanga huchanua juu ya ardhi. Ua likishanyauka, hutoa kijiti kama sindano. Kijiti hicho huinama, huingia ardhini, na huko chini ndiko ganda na punje hukua. Kwa hiyo karanga inataka udongo laini, wenye mchanga. Wakati wa kuvuna pia unataka udongo laini, ili ung'oe shina na karanga zake zote.

Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Mvua ikinyesha unateleza na kunata. Mvua ikikatika, jua linaupiga, nao unakuwa mgumu kama saruji. Karanga zilizokwisha kukomaa zikafungiwa humo ndani. Ukivuta shina, linakatika, karanga zinabaki chini. Na mchanga uliokuwamo katika udongo huo ulikuwa mkali. Ulizisaga sahani za majembe ya matrekta zikaisha upesi mno.

Halafu mvua. Mvua ya Kongwa haikubadili tabia yake kwa ajili ya wageni. Mazao yaliungua kwa jua. Wakajaribu alizeti, nayo ikapigwa na ukame.

Mwaka 1948 shughuli zote zilichukuliwa na shirika la serikali ya Uingereza, lakini mambo hayakuwa bora. Waziri wa Chakula, John Strachey, alishambuliwa kwa maneno bungeni London. Mwezi Januari 1951 serikali ile ilikubali kuwa mpango umeshindwa. Pauni zipatazo milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zilifutwa katika vitabu. Kwa miaka hiyo, fedha hizo zingejenga hospitali na shule katika Tanganyika nzima.

Wengine husema kosa lilikuwa kutumia mashine. Mimi sikubali. Trekta ni chombo tu. Kosa ni kwamba hawakupanda kwanza shamba dogo la majaribio, wakatazama misimu kadhaa, kabla ya kununua matrekta ya ekari milioni tatu. Hata kijana anayeoa huuliza kwanza habari za ukoo. Vipimo vya mvua vya Kongwa kwa miaka mingi havikuwapo, na wazee waliokuwa na vipimo hivyo vichwani hawakusikilizwa.

NG'OMBE WANARUDI

Baada ya karanga, nini? Ardhi ilikuwa imefyekwa, mabwawa yamechimbwa, nyumba zipo. Urambo ilikuja kuwa nchi ya tumbaku. Kongwa ilirudi kwenye kazi yake ya zamani, yaani ng'ombe. Katika miaka ya 1950 Shirika la Kilimo la Tanganyika lilirithi mali ya mradi na kuendeleza ranchi pale. Baada ya uhuru ranchi hiyo ikawa mali ya taifa, na leo iko chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO. Eneo lake ni kiasi cha hekta 38,000. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Kwa hiyo ni ekari zinazokaribia 95,000.

Ng'ombe wanaojulikana sana hapo ni aina ya Boran. Asili yao ni nchi ya Waborana, mpakani mwa Kenya na Ethiopia. Ni ng'ombe wenye nundu, wakubwa wa mwili, na wanavumilia jua na kiu. Wafugaji huenda ranchini kununua madume ya Boran ili kuboresha ng'ombe wao wa kienyeji. Dume moja zuri likipanda majike 20 kwa mwaka, baada ya miaka mitatu zizi lako lina sura nyingine.

Kongwa ina pia kituo cha utafiti wa malisho na mifugo. Hapo wanafugwa mbuzi wa Malya. Mbuzi hawa walipatikana kwa kuchanganya damu ya aina tatu: Kamorai kutoka Pakistan, Boer kutoka Afrika Kusini, na mbuzi wetu wa kienyeji. Wanakua upesi na wana nyama nyingi kuliko mbuzi wa kienyeji. Hapo pia huzalishwa mbegu za majani ya malisho yanayostahimili ukame.

Huenda unauliza, mbegu za majani za nini, na majani yanaota yenyewe? Ndugu, hilo ndilo swali linalowaumiza wafugaji wa Dodoma sasa. Katika nchi kavu ng'ombe mmoja mkubwa anahitaji hekta kadhaa za malisho ili apite mwaka mzima bila kukonda. Ardhi haiongezeki. Watu wanaongezeka, mashamba yanaongezeka, na ng'ombe wanaongezeka. Mwezi wa Oktoba nje ya ranchi unaona udongo mtupu, na ndani ya ua wa ranchi unaona majani makavu yamesimama. Mfugaji mwenye ng'ombe wenye njaa akiyaona majani yale, moyo unamwuma. Ni kweli. Lakini yale majani yako pale kwa sababu eneo limegawanywa vipande. Ng'ombe wanalishwa kipande kimoja, kingine kinapumzishwa mpaka majani yamwage mbegu. Ukivunja ua leo na kuingiza ng'ombe 1,000, baada ya wiki chache ndani kutakuwa kama nje.

Baadhi ya wafugaji wameanza kutenga maeneo ya namna hiyo nyumbani. Wagogo wanayaita milaga, Wasukuma wanayaita ngitili. Unachagua sehemu mvua inapoanza, unakataza mifugo kuingia, na unaifungua wakati wa kiangazi. Njia nyingine ni kukata majani yanapoanza kutoa maua. Wakati huo ndipo yana lishe kubwa. Unayakausha kwa siku mbili au tatu, ukiyageuza. Kisha unayafunga mizigo na kuyaweka juu ya kichanja chini ya paa, ili mchwa na mvua visiyafikie. Majani yaliyoachwa shambani mpaka Septemba yanajaza tumbo tu. Hayana nguvu.

KAMBI YA WAPIGANIA UHURU

Nimesema kuwa mradi wa karanga uliacha nyumba. Nyumba hizo zilipata wageni wasiotazamiwa.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Lakini Msumbiji, Angola, Namibia, Afrika Kusini na nchi ambayo leo ni Zimbabwe zilikuwa bado zinatawaliwa na wageni au walowezi. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi, ikawekwa Dar es Salaam. Mwaka 1964 wapiganaji wa FRELIMO, chama cha Msumbiji, waliokuwa wamefunzwa Algeria, walipelekwa Kongwa. Walikuta majengo yaliyoachwa na mradi wa karanga, pamoja na stesheni ya reli isiyotumika. Wakafyeka, wakajenga, wakalima chakula. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa kijana aliyekuwa amefanya kazi ya uuguzi kwao, jina lake Samora Machel. Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO ilianza vita kaskazini mwa Msumbiji. Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975, na Samora akawa Rais wake wa kwanza.

Baada ya FRELIMO walifika wengine: ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe. Kila chama kilikuwa na sehemu yake. Mwaka 1965 kikundi cha kwanza cha wapiganaji wa SWAPO kiliondoka Kongwa kuelekea kwao, mwendo wa nchi na nchi. Mwezi Agosti 1966 walipambana na askari wa Makaburu mahali paitwapo Omugulugwombashe. Namibia ilipata uhuru wake mwaka 1990.

Si wote waliorudi kwao. Wengine walikufa wakiwa hapa, na makaburi yao yapo Kongwa. Wengine walipendana na mabinti wa hapa, wakapata watoto, kisha vita vikawaita wakaenda. Kina mama hao walilea watoto peke yao. Habari zao hazijaandikwa sana vitabuni. Ingefaa vijana wanaojua kusoma na kuandika wakae na bibi zao, waziandike kabla hazijapotea.

RELI LEO

Leo treni haifiki Kongwa mjini. Njia ile ya Msagali ilifungwa baada ya mradi wa karanga kufa. Reli kubwa bado inapita kusini, katika bonde la mto Kinyasungwe, na mto huo haujaacha tabia yake. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama. Maji hayo hutoka kwenye vilima na nyanda za Kongwa, Mpwapwa na Dodoma. Mahali ambapo miti na majani vimekwisha, mvua hainywi ardhini. Inakimbia na udongo wetu mpaka relini.

Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa reli mpya. Nayo inapita Gulwe. Ng'ombe wa zamani walipakiwa katika mabehewa kwenda Pugu na kwenye kiwanda cha Tanganyika Packers cha Kawe, ambacho sasa kimefungwa. Ng'ombe wa leo wengi husafiri kwa malori. Mahindi nayo hupelekwa Kibaigwa, katika wilaya hii hii ya Kongwa, penye soko la mazao linalopokea wanunuzi hata kutoka nchi za jirani.

Ukienda Kongwa, usiishie sokoni. Mwombe mwenyeji akuonyeshe majengo ya mradi, kisha akupeleke kwenye makaburi ya wapigania uhuru. Nenda asubuhi, na uchukue maji ya kunywa.